Macho yametazama, ubongo umeshaamua: kwa mnaoanza kusoma slaidi za malaria

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu, mtafundishwa kupaka tone nene la damu kwenye slaidi (kipande cha kioo), kuandaa rangi ya Giemsa na kuweka mafuta chini ya lenzi ya hadubini inayokuza mara 100. Hayo mtayazoea ndani ya wiki chache. Lililonichukua mimi miaka ni kujua kwamba ubongo wangu huifunga kazi kabla sijaimaliza.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, msimu wa kiangazi, slaidi hasi mfululizo tangu asubuhi. Ya mtoto mmoja nikaiandikia kwamba vimelea havijaonekana. Jioni mkuu wangu akaisoma upya, akaniita nichungulie: pete mbili (vimelea vichanga vya malaria huonekana kama pete), wazi kabisa, katikati ya slaidi, mahali nilipopita. Bahati nzuri mtoto alikuwa bado wodini. Niliumia sana, kwa sababu sikuwa nimefanya uvivu.

Nilianza kusoma jinsi tunavyoona, na nikaelewa. Jicho huona kwa ukali eneo dogo tu, kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kwa hiyo macho hurukaruka, karibu mara tatu kwa sekunde, na ubongo ndio unaochagua yatue wapi. Hata yakitua, si lazima uone. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichomeka picha ya gorila katika picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) za mapafu, mkubwa mara 48 kuliko vivimbe vilivyokuwa vikitafutwa. Kati ya wataalamu 24 wa mionzi, 20 hawakumwona, na zaidi ya nusu ya hao 20 macho yao yalikuwa yametua juu yake.

Kisha kuna kuamua. Watafiti wa ubongo William Newsome na Michael Shadlen walifundisha nyani kutazama nukta zinazotembea ovyo, baadhi zikielekea upande mmoja, kisha kujibu ni upande gani kwa kugeuza macho. Seli fulani za ubongo, katika sehemu ya parietali (juu, kuelekea kisogoni), ziliongeza ishara zake kidogo kidogo kadiri ushahidi ulivyokusanyika. Zilipofika kiwango fulani, nyani alijibu. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo ubongo unavyoamua. Tatizo ni kwamba matarajio yako ndiyo yanayopanga ukubwa wa kibaba. Jeremy Wolfe, mtafiti wa jinsi watu wanavyotafuta vitu kwa macho, na wenzake walilionyesha hili mwaka 2005: kitu kinachotafutwa kilipokuwemo katika nusu ya picha, watu walikikosa mara 7 kwa 100, kilipokuwemo katika picha 1 kwa 100, walikikosa mara 30. Walikuwa wakikata tamaa mapema, bila kujua.

Fikirieni Zanzibar, ambako maambukizi yameshuka chini ya asilimia 1. Ni ushindi mkubwa, na ndipo hapo hasa msomaji wa slaidi anapoweza kupitwa.

Ndiyo maana nawasihi mheshimu zile fildi 100 (maeneo yanayoonekana kwenye lenzi, moja baada ya jingine) kabla ya kuandika hasi. Nilipoanza niliziona kama urasimu. Sasa najua zinakuzuia kusimama pale ubongo unaposema “inatosha”. Hesabu kwa kaunta ya mkononi, maana kichwa hudanganya, na sogeza slaidi kwa njia ile ile kila siku, huku ukigeuza fokasi taratibu. Asubuhi, kabla ya kazi, soma slaidi chache ambazo majibu yake yanajulikana, nyingi zikiwa chanya, kisha linganisha. Wolfe alikuta mazoezi mafupi ya namna hiyo, mtu akiambiwa papo hapo alipokosea, yanasaidia. Mimi nayafanya mpaka leo. Ukipata kimelea cha kwanza pia usinyanyuke, kwa kuwa aina moja ya kimelea, falciparum, ikishaonekana, aina nyingine, malariae, iliyojificha nyuma yake hupita kirahisi.

Masika mambo hugeuka. Slaidi chanya zikiwa nyingi, kibaba cha kusema “chanya” huwa kidogo, na kila chembe sahani ya damu au uchafu wa rangi unaonekana pete. Hapo msiamue kwa umbo peke yake. Tafuteni kiini chekundu na saitoplazimu (sehemu inayokizunguka kiini) ya bluu, vyote viwili. Kimoja kikikosekana, songeni fildi inayofuata.