Maswali ya Wasomaji: Vipuri vya Asili vya Baiskeli ya Jeshi

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), na baada ya Vita Kuu ya Pili alinunua baiskeli ambayo wazee wetu husema ilikuwa mali ya jeshi. Baiskeli hiyo imo stoo hapa kwetu Ngamiani. Fremu ina namba, gia kubwa ya mbele ina herufi BSA, usukani unang'aa, madigadi yana nembo ya Phoenix, na mahali ilipochubuka rangi nyeusi panaonekana rangi ya kijani. Fundi wa mtaani ananishauri niikwangue yote mpaka chuma kibaki kitupu, kisha niipake rangi ya jeshi na kufunga vipuri vipya. Nitajuaje kipi ni cha asili na kipi kilifungwa baadaye? – Msomaji wa Ngamiani, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, tunakuomba kwanza umzuie fundi huyo. Rangi ya zamani ndiyo shahidi mkubwa uliyebaki naye, na ikishakwanguliwa hakuna kipuri kitakachoweza kutoa ushahidi badala yake. Kwa kuwa kijani kimejitokeza chini ya nyeusi, linalobaki ni kujua kama kijani hicho kimelala juu ya chuma na rangi ya msingi, au kama chini yake kuna rangi nyingine ya kiwandani. Chagua mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kibano cha kiti au upande wa chini wa sehemu ya fremu inayopitisha ekseli ya pedali, ukwangue taratibu eneo lisilozidi ukubwa wa kifungo cha shati, mpaka matabaka ya rangi yaonekane moja nje ya jingine. Tumia msasa laini uliolowanishwa maji, kwa sababu rangi za miaka ile mara nyingi zilitiwa madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Watoto wasiwe karibu wakati wa kazi hiyo.

Kijani kilicholala chini kabisa, na kinachoonekana hata katika pembe ambazo brashi ya nyumbani isingefika, kinaelekea kuwa cha kiwandani. Kijani kilichopakwa juu ya nyeusi iliyokwisha kuchakaa na kukwaruzika ni kazi ya baadaye, iwe ya karakana ya jeshi au ya mtu mwingine, na hapo itakubidi utafute ushahidi mwingine kabla ya kutamka kwamba fremu ilizaliwa jeshini.

Herufi za BSA, yaani Birmingham Small Arms, zinathibitisha kiwanda tu. Kampuni hiyo ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, na iliwauzia raia baiskeli nyingi sana zenye gia kama hiyo yako. Isitoshe, gia ya mbele huhamishwa kwa urahisi kutoka fremu moja hadi nyingine. Kipimo cha kuaminika zaidi kimo ndani ya fremu yenyewe. Mwaka 1957 BSA iliuza biashara yake ya baiskeli kwa Raleigh ya Nottingham, na Raleigh ilikuwa na desturi yake ya kuchonga hesi, yaani mistari ya kuzungusha kama ya skrubu: vikombe vya gololi za ekseli ya pedali vya Raleigh vina hesi 26 kwa inchi, ilhali vile vya mtindo wa BSA vina hesi 24. Fungua kikombe cha kushoto, kile kinachorekebishwa, uweke rula juu ya hesi zake na uhesabu ndani ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ukipata 12, umo upande wa BSA ya zamani. Ukipata 13, fremu yako ina asili ya Raleigh, na habari ya vita inaanza kutiliwa shaka. Ukilazimika kufungua pia kikombe cha upande wa mnyororo, kumbuka kwamba hesi zake zimegeuzwa, hivyo hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea kulia. Tumeona vikombe vizuri vikivunjwa na mafundi waliotumia nguvu kuvizungushia kushoto.

Baada ya hapo tafuta alama ya mshale mpana, yaani mistari mitatu mifupi inayokutana juu, ambayo serikali ya Uingereza iliitumia kutambulisha mali yake. Mshale ulio ndani ya herufi C ni wa Kanada, ulio ndani ya U ni wa Afrika Kusini, na ulio katikati ya herufi D mbili ni wa Australia. Ukiupata, chunguza mfereji wake kwa kioo cha kukuzia. Mshale uliogongwa kiwandani huwa na rangi ya kale iliyotuama ndani yake, ilhali uliogongwa juzi ili kupandisha bei hukata rangi zote na kuacha chuma cheupe au kutu changa. Kugonga alama za uongo ni udanganyifu, na yeyote anayekushauri ufanye hivyo usimpe baiskeli yako.

Usukani unaong'aa haukubaliani na wakati wa vita. Kromu na nikeli zilihitajika katika viwanda vya silaha, na kwa vyovyote askari hakutakiwa kubeba kitu kinachomulika juani, kwa hiyo sehemu ambazo raia alizoea kuziona zikimeremeta zilipakwa rangi. Tunaamini usukani wako ulifungwa baadaye, au ulitoka kwenye baiskeli ya raia. Madigadi ya Phoenix ni ya Kichina na hayahitaji mjadala. Hata hivyo, usivitupe vitu hivi. Vifunge kwenye gunia safi, uandike tarehe ulipoviondoa na mahali vilipokuwa, kwa sababu huenda ndivyo babu yako alivyovitumia miaka mingi kwenda kazini, na familia yako ina haki ya kuvikumbuka hata kama jeshi halikuvijua.

Kuhusu matairi unayo bahati. Baiskeli ya kawaida ya jeshi la Uingereza ilitumia tairi la inchi 28 kwa 1½, ambalo siku hizi huandikwa 40-635, na ndicho kipimo cha Phoenix na cha baiskeli za Kihindi zinazopita kila siku katika mitaa ya Tanga. Nunua mapya bila kusita, kwani mpira wa miaka ile hauwezi tena kubeba mtu. Ringi ni jambo tofauti: kama zina tarehe au jina la mtengenezaji, na kutu haijazitoboa, mpe fundi stadi azisuke upya kwa spoki mpya badala ya kuzibadilisha.

Tahadhari ya mwisho ni kabari zinazoshika kranki, yaani mikono ya pedali. Upepo wa chumvi wa pwani yetu huzigandisha kabisa. Zilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu kwa siku kadhaa, na fundi asigonge nyundo bila kuegemeza kranki juu ya bomba au gogo gumu, la sivyo pigo lote litakwenda kwenye gololi na vikombe ambavyo ndiyo kwanza tumevitambua.

SWALI: Mtu mmoja ananiuzia baiskeli anayosema ni ya Mjerumani na kwamba ilikuwa Tanga wakati wa mapigano ya mwaka 1914. Mng'aro wake bado ni mzuri. Je, inawezekana? – Msomaji wa Raskazone, Tanga.

JIBU: Baiskeli za Wajerumani zilikuwapo, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, mwenyewe alieleza kwamba aliingia mjini kwa baiskeli usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1914 ili kuukagua mji kabla ya pigano. Lakini mng'aro huo ndio unaotutia mashaka. Vipuri vya baiskeli vya wakati ule vilipakwa nikeli. Kromu ilianza kuenea viwandani mwishoni mwa miaka ya 1920. Nikeli ina wekundu na umanjano kidogo na hufifia isiposuguliwa, ilhali kromu ina weupe wa kibuluu unaodumu. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuitazama mchana, nje ya duka. Tazama pia habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu: breki ya kukanyaga kinyumenyume ya Torpedo, iliyotengenezwa na Fichtel & Sachs, ilikuwapo tangu mwanzo wa karne ya 20, hivyo kuiona hakupingi madai yake. Tatizo ni kwamba iliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi baadaye, na peke yake haithibitishi chochote. Bila karatasi au picha ya zamani, lipa bei ya baiskeli kuukuu, usilipe bei ya vita.

SWALI: Ndugu yangu aliye Uingereza amepata baiskeli ya kukunja ya askari wa miavuli, lakini ina pedali za kawaida. Je, ni ya bandia? – Msomaji wa Pangani.

JIBU: Si lazima. BSA ilitengeneza zaidi ya 60,000 za aina hiyo kati ya mwaka 1942 na 1945, na pedali zake za asili ni vyuma vitupu vinavyosukumwa kuingia ndani ili visichomoze. Vinaumiza mguu, na wengi walionunua baiskeli hizo baada ya vita walivibadilisha. Mwambie atazame fremu: mabomba mawili yaliyopinda na kwenda sambamba, bawaba zenye nati za mabawa, na namba inayoanza na herufi R. Matairi yake ni ya inchi 26 kwa 1⅜, si 28. Vyote hivyo vikiwepo, pedali zinaweza kutafutwa baadaye.