Usinunue turbo kabla hujashika shafti

Ndugu, moshi mweusi na lori la Scania kukosa nguvu mlimani havitoshi kusema turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, imekufa. Injini ikishapoa, fungua paipu inayotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye turbo, shika kwa vidole ncha ya shafti, ule mhimili unaozungusha mapanga ya feni. Ikicheza kidogo pembeni usiogope, beringi zake huelea kwenye oili. Lakini ukiisikia ikienda mbele na nyuma, au ukiona mapanga yamekwaruza kava mpaka pamebaki alama zinazong'aa, hiyo imekwisha.

Kama shafti iko sawa, kagua mipira ya intakula, kile kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Ikipasuka huleta dalili hizo hizo, na bei yake haifanani kabisa na ya turbo.

Ukilazimika kubadilisha, tafadhali zibua kwanza paipu ya oili ya turbo. Ikiziba, hata mpya itakufa mapema.