Kifurushi cha divai melini: hesabu glasi zako, si za wakala

SWALI: Mimi na mume wangu tunatimiza miaka 20 ya ndoa Desemba hii. Tumeshalipia safari ya usiku saba ya meli ya kitalii, inayoanzia Barcelona na kurudi hapo hapo. Napenda divai nyekundu, glasi mbili na chakula cha jioni, basi. Mume wangu ameokoka, hagusi pombe. Wakala aliyetukatia tiketi hapa mjini anasema tununue kifurushi kimoja cha vinywaji bila kikomo kwa jina langu, dola 70 kwa siku, halafu "tugawane": mimi divai, yeye soda na kahawa. Anasema ofa inaisha baada ya saa 48. Kuna pia kifurushi cha chupa tano za divai kwa dola 175. Tuchukue kipi? – Mama wa wawili, Donholm

JIBU: Dada, hongereni kwa miaka 20. Kwa unywaji huo uliouandika, msichukue hata kimoja. Na hizo saa 48 ziache zipite, ulale usingizi wako vizuri.

Nilihudumu divai kwenye meli hizi miaka tisa kabla ya kurudi Nairobi kuwapangia watu safari, na swali lako nalipata karibu kila wiki kuanzia Agosti, watu wanapoanza kupanga Desemba. Huwa limevaa nguo tofauti, lakini ndani ni lile lile: mtu ameambiwa "bila kikomo" na kichwa kikaacha kupiga hesabu. Sisi ambao tukinunua bando la intaneti tunajua fika kwamba "bila kikomo" ina kasi inayopunguzwa na saa ya kuisha, tukiambiwa neno hilo hilo kuhusu divai tunaamini kama watoto.

Basi tupige hiyo hesabu. Glasi mbili kwa usiku saba ni glasi 14. Glasi ya melini ni mililita 150, na chupa ya mililita 750 inatoa tano. Kwa hiyo safari nzima wewe unahitaji chupa tatu, na ya tatu haitaisha. Tuseme chupa ya kawaida kwenye orodha yao ni dola 42. Tatu ni dola 126, na kampuni nyingi zinazouza kwa dola huongeza ada ya huduma ya asilimia 18, nyingine 20, kwa hiyo utafika kama dola 149. Ukinunua glasi moja moja kwa dola 11, itakuwa dola 154, na ukiongeza ada ni 182. Sasa angalia kifurushi cha wakala wako: dola 70 mara saba ni 490, na ada ile ile ya asilimia 18 inakifikisha 578. Je, alikutajia ada? Wengi hawaitaji. Kuna kampuni zilizokwisha kuijumuisha kwenye bei, nyingi zikiwa za Ulaya, lakini hilo husomwa kwenye masharti, halisikilizwi kwenye simu.

Hapo bado sijagusa jambo baya zaidi. Kampuni nyingi kubwa zina kanuni kwamba kifurushi kisicho na kikomo kikinunuliwa na mtu mzima mmoja, watu wazima wote wa chumba kile lazima wakinunue. Wameiweka kanuni hiyo kwa sababu ya ushauri kama huu wa wakala wako. Maana yake mume wako, aliyeokoka, analipia pombe ya siku saba. Bei inakuwa dola 1,156, takribani shilingi laki moja na nusu, kwa glasi 14 za divai na soda kadhaa. Baadhi ya kampuni humruhusu asiyekunywa achukue kile kifurushi cha bei ya chini cha soda, juisi na kahawa, lakini mara nyingi mpaka upige simu uombe. Hakitokei chenyewe kwenye ukurasa wa kununulia.

Na kugawana? Kila abiria ana kadi yake, inayofungua mlango wa chumba na kulipia kila kitu. Mhudumu akiipitisha kwenye mashine, picha ya mwenye kadi inatokea kwenye skrini. Mimi nimesimama na trei mkononi, picha ya mama aliyevaa kilemba iko mbele yangu, na anayeniambia "mbili tafadhali" ni mzee mwenye mvi. Nifanye nini? Usiku wa kwanza unatabasamu na kumkumbusha. Wa pili unamwita msimamizi. Niliwahi kuona watu wakinyang'anywa kifurushi usiku wa nne bila kurudishiwa hata senti, na wakalipia waliyokunywa juu yake. Waliaibika mbele ya meza nzima ya watu waliokuwa wamezoeana nao. Wakala aliyewashauri alikuwa zake nyumbani.

Lakini linalonikera kuliko yote ni huku "kurudisha hela". Mtu akishalipa, anaanza kunywa ili asipoteze. Bei ya dola 70 kwa glasi za dola 11 inataka zaidi ya glasi sita kila siku ndipo uanze kufaidi. Hiyo ni zaidi ya chupa nzima, kila siku, siku saba mfululizo. Na siku nyingine hamtakuwa melini kabisa. Safari za Mediterania karibu kila siku meli inatia nanga: Marseille, Genoa, Civitavecchia ya kwendea Roma. Mnashuka asubuhi baada ya kifungua kinywa, mnarudi jioni miguu imevimba. Divai mtakayokunywa kwenye mkahawa wa Roma haimo kwenye kifurushi, lakini siku hiyo mmeilipia vilevile.

Nilimhudumia mzee mmoja kutoka huku kwetu, sitasema mtaa gani. Alikuwa na kitambaa cha karatasi mfukoni mwa shati, na kila glasi anaweka mstari kwa kalamu, akifika tano anazifunga kwa mkwaju kama mwalimu anayehesabu kura za kiranja. Siku ile meli ilikuwa baharini kutwa. Saa nne asubuhi alishaanza. Alikuwa akinionyesha kile kitambaa kwa fahari: "Kijana, zimebaki mbili nirudishe hela yangu." Jioni ilikuwa ile ya chakula rasmi, watu wamevaa suti na magauni. Mke wake alikuja na gauni la kitenge lililoshonwa kwa ajili ya usiku ule, akala peke yake. Mzee alikuwa amelala chumbani na viatu. Nilipompelekea mama bili ya kusaini ilikuwa sifuri kabisa, akaitazama muda mrefu.

Watu husema baharini hakuna alcoblow, kile kipimo cha pombe cha polisi barabarani, wala sheria za Mututho za saa za kuuza pombe. Kweli hakuna. Ila ini ni lile lile ulilopanda nalo. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya; sisemi hivyo ili kukunyima glasi zako mbili, mimi mwenyewe nazipenda. Nasema kwa sababu kuna watu wanalipa ili walazimike kunywa saba.

Tena hata hiyo "bila kikomo" ina vikomo vyake. Hugharamia glasi mpaka bei fulani. Ukitaka divai iliyo juu ya hapo, unaongeza tofauti. Mara nyingi haihusu chupa nzima wala friji ndogo ya chumbani. Kuna kampuni ya Kimarekani inayosimamisha huduma ikifika vinywaji 15 vya pombe kwa siku, na hapo ndipo utaelewa nani walimfikiria walipokadiria bei.

Kifurushi cha chupa ni mnyama mwingine, na nadhani wakala amevichanganya. Hicho hakifungwi na kanuni ya watu wote wa chumbani, kwa sababu zile chupa ni zako. Mezani unaweza kummiminia yeyote aliyefikia umri. Usipomaliza, mhudumu anaifunga, anaibandika karatasi ya namba ya chumba chenu na tarehe, anaihifadhi, kesho unaitaja na inaletwa, mara nyingi hata kama mnakula kwenye mkahawa mwingine wa meli hiyo. Nimebandika karatasi hizo maelfu. Ukiwa na marafiki wawili watatu wanaokunywa divai pamoja kila jioni, kifurushi cha chupa tano, saba au kumi kina maana, maana punguzo ni la kweli. Kwako wewe chupa tano kwa dola 175 na ada juu yake ni dola 206, na mbili zitabaki. Tena orodha ya kifurushi huwa fupi kuliko orodha kamili, na chupa zake ni zile za ngazi ya chini. Uliza majina yake kabla hujatoa shilingi. Usije ukalipia kwa bei ya hoteli kubwa chupa ile ile ya Chile unayoiona kwenye rafu ya supamaketi hapa Donholm.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Soma masharti ya kampuni yenu kuhusu kupanda na divai. Nyingi huruhusu kila mtu mzima aingie na chupa moja ya mililita 750 siku ya kwanza, kwenye mzigo wa mkononi. Nyingine haziruhusu kabisa, kwa hiyo usikisie. Zikiruhusu, mfike Barcelona siku moja mapema, jambo ambalo mngelifanya hata bila divai kwa sababu ndege huchelewa. Ingieni duka lolote la kawaida mtafute Rioja iliyoandikwa crianza. Neno hilo kwa divai nyekundu ya Rioja lina maana kisheria: imekaa miaka miwili kabla ya kuuzwa, na angalau mwaka mmoja kwenye pipa la mwaloni. Kwa euro kumi hivi utapata nzuri. Ukiinywa mezani melini utalipa ada ya kufungua chupa, kama dola 15 au 20; ukiinywa chumbani kwenu, kwa kawaida hulipi kitu. Chupa mbili nyingine nunua melini, moja moja, kadiri mnavyoendelea. Mkinunua nyingine bandarini njiani, wahudumu wataichukua mlangoni na kuwarudishia usiku wa mwisho. Hiyo mnaweza kuja nayo: uwanja wa ndege wa JKIA mtu mzima anaruhusiwa lita mbili za divai bila ushuru, na iwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Kuhusu ofa ya saa 48: ni kweli kwamba kununua kabla ya kupanda huwa nafuu kuliko kununua melini. Lakini ofa hizo hurudi rudi mpaka karibu na siku ya safari. Ikiisha ya leo, subiri ya Novemba.

Sasa niseme na wengine mnaosoma, kwa sababu mama wa Donholm hayuko peke yake. Mji huu umejaa mawakala wa mkoba ambao hawajawahi kukanyaga meli, wanauza safari kwenye status ya WhatsApp na kila swali wana njia ya mkato. Wapo wanaowashauri watu watie jini kwenye chupa ya dawa ya kusukutua na waongeze rangi ya kijani. Mizigo yote hupita kwenye mashine ya eksirei, na walinzi wa bandarini walishaiona chupa hiyo kabla wewe hujazaliwa. Inabaki kwao, na ikipita unakunywa jini yenye ladha ya mnanaa wiki nzima.

Kuna wanaopokea pesa za kifurushi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi na kutuma risiti waliyoichapa wenyewe. Abiria anafika baa siku ya kwanza, anatoa kadi, mashine haioni kifurushi chochote. Nimewaona wakinitolea simu wanionyeshe ujumbe wa M-Pesa, nami sina la kuwafanyia. Kifurushi cha kweli hakihitaji wakala. Kampuni za meli zina ukurasa wa wateja: unaingiza jina lako na namba ya uhifadhi, unakiona chumba chako, bei ya siku hiyo na masharti yote, unalipa mwenyewe kwa kadi yako. Wakala wa safari anayefanya kazi hapa Kenya anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Mwambie akuonyeshe, naye mwenye leseni hatakasirika.

Kwa hiyo dada, kabla ya divai, kuna jambo moja la kufanya leo. Muombe wakala namba ya uhifadhi, uingie mwenyewe kwenye ukurasa wa kampuni na uyaone majina yenu mawili. Akianza kuzunguka zunguka, sahau habari ya chupa, pigia kampuni ya meli uwaulize kama mna chumba.