Mwache Mbanguaji Amkosoe Chaplin

Nilipoanza kuwahoji wanawake wanaobangua korosho mkoani Mtwara, karibu kila swali kuhusu kazi lilipata jibu lile lile: "Tunamshukuru Mungu, kazi ipo." Halikuwa jibu la uongo, lilikuwa la adabu, la kumwezesha mgeni mwenye daftari aende zake kwa amani. Vipande vifupi vya filamu ndivyo vilivyonitoa hapo, ingawa si mara moja.

Kwanza nilikosea kwa kuwaonyesha video niliyoipiga ndani ya karakana yao wenyewe. Walinyamaza, kisha mmoja akauliza kama msimamizi ameshaiona. Tangu siku hiyo nashauri ichaguliwe filamu ya kazi ya mbali, isiyoweza kumponza mtu. Mimi hutumia dakika 2 za Modern Times, filamu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1936, ambamo kibarua anayekaza nati kwenye mkanda unaokwenda mbio hawezi kuizuia mikono yake hata anapoacha kazi kidogo. Hakuna mazungumzo ya kutafsiri.

Mama mmoja alicheka sana, kisha akasema, "Rudisha nyuma, mwanangu." Mara ya pili hakucheka. Aliinua mkono wa kushoto, akashika korosho isiyokuwepo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaeleza kwamba bwana yule ana bahati kwa kuwa nati haina mafuta. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na siku majivu ya kupaka mikononi yanapokwisha, mtu hupunguza mwendo, na kwa kuwa hulipwa kwa kilo, chakula cha nyumbani nacho hupungua. Habari ya majivu sikuwa nimeisikia hata mara moja.

Kwa hiyo usiulize kama kinachoonekana kinafanana na kazi ya unayemhoji, maana utajibiwa "ndiyo" tu. Uliza yule anakosea wapi, au angedumu siku ngapi hapa. Mtu mzima huona haya kulalamika mbele ya mgeni, lakini kumkosoa asiyeijua kazi hakumfanyi aone haya hata kidogo. (Waliozoea vibanda umiza, ambako mfasiri husema juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho, hawangoji hata kuulizwa.) Kishikwambi kiwe mikononi mwake, asimamishe picha mwenyewe apendapo.

Na uandike ishara za mikono usiku huo huo. Kinasa sauti changu hakikuona ile korosho isiyokuwepo.