Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, msikimbilie Masada

Nimemaliza kusahihisha insha zenu za maasi ya Wayahudi. Nusu yenu mmeangukia palepale nilipoangukia mimi, na imeniuma.

1. Tenganisheni vita. Wamakabayo, ukoo wa Kiyahudi, waliwaasi Waseleuko, wafalme wa Kigiriki waliotawala kutoka Syria, 167 KK. Roma haimo humo. Kisha yanakuja maasi dhidi ya Roma: 66 hadi 73 BK, Hekalu la Yerusalemu likiteketezwa mwaka 70. Kisha 115 hadi 117, huko Kirene, Misri na Kupro. Kisha maasi aliyoyaongoza Bar Kokhba, 132 hadi 135.

2. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyeandika vita vya 66 hadi 73, asomwe, lakini mjue ni nani. Nilipokuwa mwaka wa pili niliwasilisha Masada, ngome ya mwisho ya waasi wa vita hivyo, kwenye semina. Nilikuwa nimeikariri hotuba ya Eleazar ben Yair, kiongozi wao, ile ya kuwataka wenzake wafe kuliko kuwa watumwa. Niliisoma kwa sauti, darasa likatulia tuli. Mhadhiri akauliza, "Nani aliisikia?" Nikasema Josephus. "Alikuwepo?" Nikakosa la kusema. Josephus alikuwa jemadari wa waasi Galilaya, akajisalimisha kwa Warumi mwaka 67, akaja kuandika akiwa Roma, akitunzwa na ukoo wa Kaizari Vespasian. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba Masada walikufa watu 960, wakapona wanawake wawili na watoto watano waliojificha chini ya ardhi, kwenye mifereji ya maji. Yaani swali la nani alisikia linaanzia kwa wanawake hao, na mimi sikujua hata kama wapo, kwa sababu nilisomea madesa ya kaka mmoja aliyekwisha kumaliza. Nilirudi kitini mikono ikitetemeka. Usiku ule nilikisoma kitabu cha saba cha Vita vya Wayahudi, kazi ya Josephus, mpaka adhana ya alfajiri.

Madesa yachomeni, jamani.

3. Mwaka 70 Wayahudi hawakufukuzwa wote. Rabi Yohanan ben Zakkai alikuwa Yavne, mji wa Yudea, akifundisha. Ni Kaizari Hadrian aliyeuita mji wa Yerusalemu Aelia Capitolina, na baada ya maasi ya Bar Kokhba akawapiga marufuku kuingia humo, na Yudea ikawa Syria Palaestina.

4. Msikilizeni na muasi mwenyewe. Baadhi ya barua za Bar Kokhba, jina lake hasa Shimon bar Kosiba, zilipatikana mwaka 1960 pangoni karibu na Bahari ya Chumvi. Katika mojawapo anatuma punda wawili wakachukue makuti ya mitende na matunda ya etrogi, jamii ya limau, kwa ajili ya Sikukuu ya Vibanda. Kambi ina watu wengi, anasema. Na anakumbusha kwamba kabla ya kupelekwa kambini, vitolewe zaka.