Massey Ferguson 135 linalozimika likivuta plau

Ndugu, kwa kuwa trekta lako la dizeli linanguruma vizuri likiwa silensa, yaani bila kuvuta mzigo, lakini linazimika mara plau inapozama ardhini, yaelekea injini inakosa mafuta, maana yenye mzigo hunywa dizeli nyingi zaidi. Tafadhali usikimbilie kufungua pampu ya nozeli, ambayo ni ghali na mara nyingi haina kosa. Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta ya dizeli, kisha piga kwa mkono kile kishikio kidogo cha pampu ya kuvutia mafuta: dizeli ikitoka kwa unyonge au na mapovu, safisha chujio la tangi, badilisha filta na ukaze viungo vya mipira ya dizeli. Kagua pia tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Ukiona moshi mweusi kabla halijazima, anza na chujio la hewa.