Malengo ya Januari yanayokufa Machi, mimi kilichonisaidia

Mkuu uliyeuliza mbona kila Januari unaandika malengo halafu ikifika Machi hata daftari lenyewe hulioni, hujalogwa. Mimi nilikaa hivyo hivyo miaka minne hapa Moshi nikiwa mgumu, kwa wasiojua wagumu ndio sisi tunaobeba mizigo ya wageni mlima Kilimanjaro. Lengo langu lilikuwa kingereza, niache kubeba niwe gaidi (wa watalii jamani, msiniripoti). Nanunua kitabu, nasoma wiki mbili, nguvu ya soda, basi.

Kilichonibadilisha ni safari moja ya njia ya Machame. Kulikuwa na gaidi msaidizi mmoja mtu mzima, akaniambia dogo unafikisha kilo 20 kempu ya Barafu bila kulia halafu sentensi moja inakushinda? Tukakubaliana kila kempu, tukishasimamisha mahema na kabla ya msosi, nampelekea sentensi tano za kingereza za nilichokiona njiani siku hiyo. Pale Shira nilitaka kusema maji yamechemka nikasema maji yana hasira, wapishi walicheka mpaka nikaenda kulala na njaa. Lakini kesho yake Baranko nilienda tena maana najua yule mzee ananisubiri na ataniuliza, na hapo ndo nikagundua kumbe miaka yote sikukosa nia, nilikosa mtu wa kuniuliza na saa ya kuulizwa. Kitabu hakikuulizi kitu. Ukikiacha kinanyamaza tu.

Mtihani ukaja masika, April na Mei wageni hakuna, kazi hakuna. Nilikuwa napanga mtaa wa Pasua na washkaji watatu, watu wazuri kabisa sina ubaya nao, ila saa nane mchana mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshafika mezani na wewe na daftari lako unaonekana unajifanya msomi. Nikahamia Njoro kwa jamaa anayejifunza ushonaji, chumba kidogo zaidi na kodi juu kidogo, nikailipa na tipu nilizoficha. Watu hapa watakwambia jitume, usikate tamaa, mimi nakwambia angalia kwanza unalala na nani chumba kimoja. Mambo ya kulala mapema na kupunguza simu unayajua, sirudii.

Usaili wa kwanza wa kuwa gaidi msaidizi nilifeli. Sikusema wameniroga, nilimfuata yule mzee akanipa ukweli, unajibu kabla swali halijaisha. Iliniuma wiki nzima. Wa pili nikapita.

Sasa hivi ni gaidi msaidizi na nimeanza kijerumani, sentensi tano zile zile, ila anayenisikiliza ni mpishi na yeye hajui kijerumani hata chembe, anahesabu tu kama zimefika tano 😂

Kama huna wa kukuuliza, weka sentensi zako hapa chini kila jioni nitazisoma. Jumapili napanda, mtandao huko juu unakuja na kuondoka, nikikaa kimya ujue niko kwenye mawe.